Buluu ya Mama Maria na Sare Yetu ya Jubilei

(Mada iliyotolewa na kikundi cha mavazi mbele ya wanakwaya, wazazi na wageni katika semina ya maandalizi ya jubilei, Kibuye)





Tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya rangi, na wengi wenu mnajua kwa nini. Tangu itangazwe kwamba sare ya jubilei itakuwa ya buluu, maswali hayajakoma. Wapo waliouliza kwa nini buluu, na si nyeupe au rangi ya dhahabu, ilhali hii ni sherehe. Wapo waliouliza kama buluu ni rangi ya Kanisa kweli. Na wapo waliouliza swali zito kuliko hayo mawili, wakaliuliza kwa sauti ya chini baada ya mazoezi, wakati madaftari ya nyimbo yanakusanywa: sare hiyo itagharimu kiasi gani, na asiye na kitu atasimama wapi siku hiyo?

Maswali yote matatu ni ya haki. Tutayajibu kwa kusimulia safari ya rangi yenyewe, kwa sababu buluu mnayoiona kwenye picha na sanamu za Mama Maria ina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo mna watu waliolipa, watu waliofanya kazi, na watu waliovishwa. Tukishawajua hao, swali la tatu litakuwa jepesi kidogo.

Rangi isiyokuwa kwenye orodha

Tuanze na swali la kama buluu ni rangi ya Kanisa. Padre akipanda altareni tunaijua siku kwa kutazama kasula yake: nyeupe kwa sherehe, nyekundu kwa Roho Mtakatifu na mashahidi, kijani kwa siku za kawaida, zambarau kwa Majilio na Kwaresima. Buluu haimo. Na si jambo la leo. Mnamo mwaka 1195 hivi, kardinali mmoja aitwaye Lotario, ambaye miaka michache baadaye alikuja kuwa Papa Innocent III, aliandika kitabu juu ya Misa, akaeleza rangi za mavazi ya ibada na maana zake. Alitaja nyeupe, nyekundu, nyeusi na kijani. Buluu hakuipa nafasi. Hata sasa, nchi kama Hispania zinazovaa buluu altareni kwa Sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili hufanya hivyo kwa ruhusa maalumu.

Kwa hiyo padre hatavaa buluu siku ya jubilei yetu, wala hatumwombi avae. Sare ya kwaya ni jambo lingine. Lakini tazameni ajabu hii: rangi ambayo haikuwa na mahali kwenye orodha ya mavazi ya ibada ndiyo ilikuja kujaza madirisha na kuta za makanisa, na ndiyo waumini walimvika Mama wa Mungu.

Mabadiliko hayo yalianza katika karne ya 12. Kabla ya hapo, katika nchi za Magharibi, Bikira Maria alichorwa mara nyingi akiwa na mavazi ya giza: meusi, ya kijivu, ya kahawia, ya zambarau iliyokolea au buluu nzito, mavazi ya mama aliyefiwa na mwanawe. Huko Saint-Denis, karibu na Paris, Abate Suger alijenga upya sehemu ya altare ya kanisa lake, ikabarikiwa mwaka 1144, na madirisha yake yakawekwa vioo vya rangi ambavyo buluu yake ilitokana na madini ya kobalti. Huko Chartres, kwenye mwaka 1180 hivi, mafundi walitengeneza dirisha la Maria ameketi na Mtoto, amevaa buluu nyepesi inayong'aa jua likipita. Kanisa hilo liliungua mwaka 1194, lakini dirisha hilo likasalimika, na lipo hadi leo. Joho la msiba likawa joho la mbingu.

Mbingu tunaisema kwa makusudi. Sisi Waswahili tunaiita rangi hii samawati, neno lililotoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni mbingu. Biblia yetu inapoeleza nyuzi na mapazia ya hema la kukutania, inataja rangi ya samawi. Katika Kutoka 24, wazee wa Israeli wanapomwona Mungu, chini ya miguu yake pana sakafu ya yakuti samawi, safi kama mbingu yenyewe. Na katika Hesabu 4, Sanduku la Agano linapochukuliwa safarini, linafunikwa kwa nguo ya samawi tupu. Katika litania tunamwita Maria Sanduku la Agano. Basi aliyemchora kwa joho la buluu hakuwa akitafuta urembo tu. Alikuwa akilifunika Sanduku kama ilivyoagizwa.

Jiwe la ng'ambo

Sasa rangi hiyo ilipatikana wapi? Leo ukitaka buluu unaingia dukani pale mjini, unachagua kopo, unalipa, unaondoka. Wachoraji wa Zama za Kati hawakuwa na duka la namna hiyo. Buluu iliyo bora ilitoka kwenye jiwe liitwalo lapisi lazuli, na jiwe hilo lilichimbwa Badakhshan, kaskazini mashariki mwa nchi ya Afghanistan, katika milima ya mahali paitwapo Sar-e-Sang. Watu wamelichimba huko kwa maelfu ya miaka. Lilibebwa juu ya wanyama kupita milima na majangwa, likafika bandari za mashariki ya Bahari ya Mediterania, likavushwa kwa merikebu hadi Venice. Kwa kuwa lilitoka ng'ambo, Waitalia waliiita rangi yake kwa neno lenye maana ya ng'ambo ya bahari. Ndiyo tunayoiita ultramarini.

Kusaga tu hakutoshi. Jiwe hilo lina mishipa myeupe na chembe zinazometa kama dhahabu, na ukilisaga lote pamoja unapata unga wa kijivu usiovutia. Mchoraji mmoja wa Italia, Cennino Cennini, aliandika kitabu cha ufundi kwenye mwaka 1400 hivi, akaeleza namna ya kuitoa buluu. Unasaga jiwe liwe unga. Unayeyusha utomvu wa msonobari, nta na ubani wa mastiki, unachanganya na unga ule mpaka liwe donge. Donge hilo unalikanda kila siku, kwa siku tatu na zaidi. Kisha unalitia katika maji ya majivu yenye uvuguvugu, kama yale akina nyanya zetu waliyolainishia mboga, unalibonyeza kwa vijiti viwili. Buluu inaanza kutoka na kuzama chini ya bakuli, uchafu unabaki ndani ya donge. Maji ya kwanza hutoa buluu ya thamani kubwa. Ya pili hupungua, ya tatu hupungua zaidi, na ya mwisho ni kama majivu tu. Cennini anasema kazi hiyo wasichana huiweza kuliko wanaume, kwa kuwa mikono yao ni laini na ni watu wa kukaa nyumbani. Akina mama mnacheka, na mna haki ya kucheka. Lakini ni ushahidi: nyuma ya joho la Maria ilikuwapo mikono ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Upo ushahidi mwingine, na huu ulitugusa zaidi. Mahali paitwapo Dalheim, Ujerumani, palikuwa na nyumba ndogo ya watawa wa kike. Moto uliiharibu, vitabu vyao havikubaki. Watafiti walipochunguza meno ya mwanamke mmoja aliyezikwa pale, aliyefariki kati ya mwaka 1000 na 1200 hivi akiwa na umri wa miaka 45 hadi 60, walikuta kwenye utando mgumu wa meno yake chembe nyingi za buluu. Waliipima, ikawa ni lapisi lazuli. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2019. Maelezo waliyoyaona yanafaa kuliko mengine ni kwamba mwanamke huyo alikuwa akipamba vitabu vya sala, na alikuwa akiilainisha ncha ya brashi yake kwa midomo. Jiwe lilitoka Afghanistan likamfikia mtawa mmoja katika konventi isiyojulikana, naye akaaminiwa nalo. Hakuacha jina, hakuacha kitabu. Aliacha buluu kwenye meno.

Wanakwaya, wengi wetu tutapita hivyo hivyo. Wanaoimba Dominika hadi Dominika kwa miaka mingi hawatakumbukwa kwa majina, ila wimbo utakuwa umebaki mdomoni mwao.

Nani alilipa?

Buluu hii ilikuwa ghali mno, na kwa sababu hiyo palikuwa na ujanja. Ilikuwapo buluu nyingine iliyotokana na jiwe la shaba liitwalo azuriti, lililopatikana Ulaya kwenyewe kwa bei ya chini. Mchoraji asiye mwaminifu angeweza kulipwa kwa ajili ya ultramarini akapaka azuriti. Ndiyo maana walioagiza picha waliandika mikataba, na ndani ya mkataba wakataja buluu kwa jina na kwa bei.

Mkataba mmoja unajulikana sana. Mwaka 1485, mjini Florence, mchoraji Domenico Ghirlandaio alikubali kuchora picha ya Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu. Malipo yote yalikuwa florini 115, iwapo mwagizaji ataona kazi imestahili. Na mkataba ukaagiza kwamba buluu iwe ultramarini ya thamani ya florini nne hivi kwa wakia. Florini ilikuwa sarafu ya dhahabu ya gramu tatu na nusu hivi. Pigeni hesabu: wakia moja ya buluu ilinunuliwa kwa dhahabu iliyokaribia nusu ya uzito wake.

Sasa sikilizeni picha hiyo iliwekwa wapi. Haikuwa ya jumba la mfalme wala ya chumba cha tajiri. Iliwekwa juu ya altare ya kanisa la Spedale degli Innocenti, nyumba ya watoto waliotupwa. Nyumba hiyo ilijengwa kwa ufadhili wa chama cha wafanyabiashara wa hariri, ikaanza kupokea watoto mwaka 1445. Mzazi aliyeshindwa kumlea mtoto, kwa umaskini au kwa aibu, alimwacha pale. Ghirlandaio aliimaliza picha mwaka 1488. Mbele kabisa, pamoja na Mamajusi, alichora watoto wawili waliopiga magoti, wenye alama za majeraha, kuwakumbuka Watoto Mashahidi wa Bethlehemu waliouawa na Herode.

Na nje ya nyumba hiyo, mnamo mwaka 1487 hivi, fundi Andrea della Robbia aliweka kwenye kuta duara za udongo uliochomwa na kung'arishwa, kila duara lina mtoto mchanga aliyefungwa nguo nyeupe, na nyuma yake buluu tupu. Buluu hiyo ilikuwa ya kobalti, ya bei nafuu, lakini kwa macho ya mpita njia ilikuwa buluu ile ile. Ndani, buluu ya dhahabu kwa ajili ya Mama. Nje, buluu kwa ajili ya watoto wasio na mama. Waliolipa waliona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Tukumbuke pia picha ndogo ya mbao iliyo London, inayoitwa Wilton Diptych, ya miaka ya 1395 hadi 1399. Mfalme Richard II wa Uingereza amepiga magoti mbele ya Maria. Maria amevaa buluu, na amezungukwa na malaika 11, nao wote wamevaa buluu. Kila malaika amebandikwa kifuani beji ya mfalme, paa dume mweupe. Kwa lugha yetu tungesema ni kwaya iliyoshona sare. Hakuna malaika hata mmoja aliyeachwa pembeni kwa kuwa hakumaliza kulipia kitambaa.

Ziwa lingine, Mto Naili mwingine

Mtu asije akadhani habari hii ni ya Ulaya peke yake. Huku kwetu Afrika Mashariki, Wahabeshi walikuwa Wakristu karne nyingi kabla ya wamisionari kufika Kisumu. Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia mwaka 1434 hadi 1468, alihimiza sana ibada ya Bikira Maria, akataka picha zake ziheshimiwe makanisani. Wakati wake alikuwapo mtawa mchoraji aliyeitwa Fre Seyon. Picha ya Maria yenye jina lake imehifadhiwa katika monasteri ya Daga Estifanos, ambayo iko juu ya kisiwa katika Ziwa Tana. Tangu karne hiyo ya 15, wachoraji wa Uhabeshi walimwonyesha Maria tena na tena akiwa na joho la buluu iliyokolea, macho makubwa yakimtazama aliyekuja kusali.

Sisi watu wa ziwa tunalielewa jambo la kisiwa na kanisa na mtumbwi. Tena tuna undugu wa maji nao. Ziwa Tana ndilo chanzo cha Naili ya Buluu, na maji ya Nam Lolwe, ziwa letu, yanatoka Jinja kuwa Naili Nyeupe. Mito hiyo miwili inakutana Khartoum. Ni kweli kwamba hapa ghuba yetu ya Winam mara nyingi haina buluu yoyote ya kujivunia. Mkisimama Dunga mtaona maji ya rangi ya udongo na kijani cha gugu maji. Buluu iko mbele, mahali wavuvi wanapolala na nyavu usiku.

Kaniki

Tushuke pwani, kwa sababu huko ndiko Kiswahili chetu kilikotoka, na huko buluu ilikuwa na maana tofauti kabisa.

Buluu ya pwani ilikuwa ya nguo. Ilitoka kwenye mmea, na rangi yake inaitwa nili. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Gujarati, India, yalileta vitambaa Mombasa, Kilwa na Sofala, na nili ilikuwa miongoni mwa rangi zake. Baadaye, katika karne ya 19, kitambaa kilichojulikana sana Zanzibar kilikuwa kaniki: pamba iliyotiwa nili mpaka ikawa buluu nzito inayokaribia weusi. Haikuwa nguo ya malkia. Ilikuwa nguo ya kazi, nguo ya wanawake waliokuwa watumwa. Mwanamke alipoonekana amevaa kaniki, watu walijua daraja lake kabla hajafungua mdomo. Utumwa ulipofutwa, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliiacha kaniki na kujitanda kanga zenye maua na maandishi. Walikuwa wakitangaza kwa nguo kwamba wao sasa ni watu huru.

Basi tuna buluu mbili. Moja ilinunuliwa kwa dhahabu ikavikwa Malkia wa Mbingu. Nyingine ilivikwa mtumwa shambani. Rangi kwa macho ni moja. Kilichotofautiana ni kile ambacho watu waliamua juu ya aliyeivaa.

Na hapa ndipo Kiswahili kinatufundisha jambo ambalo lugha za Ulaya hazikutufundisha. Katika Luka 1:38, malaika anapompa Maria habari, Maria anajitaja kwa jina. Katika sala ya Malaika wa Bwana tumezoea kusema mtumishi. Lakini tafsiri ya Biblia ambayo wengi wetu tulikua nayo nyumbani inatumia neno mjakazi. Mjakazi, kwa watu wa pwani waliokisema Kiswahili wakati huo, ni mtumwa wa kike. Ni yule yule aliyevaa kaniki. Maria, kwa kinywa chake mwenyewe, alijiweka kwenye safu ya hao wanawake. Kanisa limemvika buluu ya malkia, na limefanya vyema. Yeye alianza na buluu ya mjakazi, na katika wimbo wake akamsifu Mungu anayewakweza wanyonge. Wanakwaya, huo ndio wimbo wetu wa kila Masifu ya Jioni.

Buluu ya kufulia

Limebaki jambo moja katika safari hii, na linatufikisha nyumbani.

Ughali wa ultramarini uliendelea hadi karne ya 19. Mwaka 1824, chama kimoja cha kukuza viwanda Ufaransa kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa mtu atakayeweza kuitengeneza bila jiwe. Jean-Baptiste Guimet alifaulu na akapewa zawadi hiyo mwaka 1828, na mwaka huo huo Christian Gmelin, profesa wa Ujerumani, akatangaza njia yake. Vitu vilivyohitajika vilikuwa vya kawaida: udongo mweupe wa mfinyanzi, magadi, salfa na makaa, vikachomwa kwenye tanuri. Sisi wenye Ziwa Magadi tunajua magadi si kitu cha kuvushwa bahari. Rangi iliyokuwa karibu sawa na dhahabu ikawa ya kuuzwa kwa magunia.

Nayo ikaja mpaka huku. Wazazi wetu wanakumbuka kile kidonge cha buluu kilichofungwa kwenye kitambaa, kikatikiswa ndani ya maji ya kusuuzia ili nguo nyeupe zing'ae. Wengine walikiita nili, wengine walikiita buluu tu. Kile kidonge kilikuwa ultramarini ya kiwandani. Kanzu nyeupe za watumishi wa altare, vitambaa vya altare, mashati ya shule, vyote vilipita katika maji yale. Akina mama waliosuuza nguo za kanisa walikuwa wakitia mikono yao katika buluu ile ile ambayo Florence iliiandikia mkataba. Hakuna aliyewaambia.

Sare yetu

Sasa turudi kwenye maswali yaliyotuleta.

Kwa nini buluu? Kwa sababu kwaya hii imeimba miaka hii yote chini ya ulinzi wa Mama Maria, na buluu ndiyo rangi ambayo waumini walimpa wakitafuta kitu bora walichokuwa nacho. Tulifikiria nyeupe. Nyeupe ni ya padre siku hiyo, nasi tunataka kusimama kando ya altare kama mbingu inavyosimama nyuma ya picha.

Je, ni rangi ya Kanisa? Haimo kwenye kasula, lakini imo kwenye madirisha, kwenye vitabu vya sala, kwenye mshipi wa Mama Maria wa Lourdes, na kwenye vitambaa vya akina mama wanaohiji Subukia kila mwaka. Inatosha.

Na swali la tatu, lile la sauti ya chini? Tumelijadili usiku mwingi, na tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo jubilei yetu itakapopimwa. Tunajua kwamba katika kwaya nyingi mtu huacha kuimba mwaka wa sherehe. Hasemi sababu. Anaanza kuchelewa mazoezi, kisha anakosa, kisha tunasikia kwamba siku hizi ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sare ilitangazwa, naye hakuwa nayo, na aliona aibu kusimama katika safu na nguo ya rangi nyingine. Sauti ya tatu inapungua kwa sababu ya mita tatu za kitambaa. Kama buluu yetu itamtoa mtu mmoja kwenye safu, basi tutakuwa tumemvika Maria joho na kumvua mjakazi.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kitambaa ni pamba iliyochanganywa, si hariri, si satini. Kimenunuliwa kwa jora nzima ili rangi iwe moja. Kinashonwa na mafundi cherehani wa hapa hapa sokoni Kibuye, ambao wengine wao ni waumini wenzetu wa Misa ya kwanza, na pesa ya ushonaji itabaki mtaani. Mwenye uwezo analipia sare yake, na akijaliwa analipia na ya pili bila kuuliza itavaliwa na nani. Mhazini peke yake ndiye anayejua nani amelipa na nani amelipiwa, na hilo litabaki kwake. Sare zitakuwa mali ya kwaya, zitatunzwa kabatini na kufuliwa kwa zamu. Mtu akihamia Nairobi kikazi ataiacha, na kijana atakayekuja baada yake ataivaa. Watoto wa kwaya ya Utoto Mtakatifu nao watapata skafu za kitambaa kile kile, kutoka kwenye vipande vitakavyobaki mezani kwa fundi.

Siku ya jubilei mtakapotuona tumejipanga, msiangalie kama mshono umenyooka. Hesabuni watu. Kama wote waliokuwa wakiimba mwaka jana wamo, buluu hiyo imelipiwa bei yake yote.

Mama Maria, Sanduku la Agano na mjakazi wa Bwana, atuombee.